Upasuaji Aliouchagua Botilla

Mke wangu aliitwa Botilla. Alikuwa mpishi wa ukumbi wa kijiji chetu, huku kusini mwa rasi ya Jutland, na alikuwa mnene. Nalitaja mapema kwa sababu watu wote walianza na hilo. Hata mchungaji, siku ya maziko, alisema alikuwa "mwanamke mkubwa kwa kila namna". Watu wakatabasamu kanisani. Mimi sikutabasamu.

Alizaliwa shamba la pili kutoka letu. Shule aliiacha mapema, kama mimi, akaenda kufanya kazi jikoni kwa watu. Tulipooana, mwanamke aliyekuwa akipika ukumbini alikuwa amezeeka, basi Botilla akashika vyungu vyake. Tangu hapo, ukitaka kufunga ndoa kijijini kwetu, kwanza ulimuuliza Botilla kama ana nafasi, halafu ndiyo ukamuuliza mchungaji. Supu yenye vinyama vya mviringo, nyama ya kuoka na viazi vya kukaangwa kwa sukari, aiskrimu. Harusi, kipaimara, maziko, chakula ni kile kile. Hakuna aliyelalamika hata siku moja.

Wakishashiba walikuja jikoni kushukuru. Walimpiga kofi la mgongoni.

"Unaonja sana, Botilla! Sisi tumebakiziwa nini?"

Naye alicheka. Alicheka miaka mingi.

Alipotimiza miaka ishirini na mitano ya kazi, walimfanyia sherehe. Jes, mwenyekiti wa ukumbi, alisimama akahutubia. Halafu akaleta zawadi yenye utepe mwekundu na mweupe. Kiti cha chuma. Alikuwa amekichomelea mwenyewe kwenye karakana yake.

"Hiki hutakivunja!" akasema.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Botilla akakaa juu yake, maana walimtaka akae. Akamshukuru Jes. Akashukuru wote. Halafu akarudi jikoni kuwamiminia kahawa. Tulipofika nyumbani alinisaidia kukishusha kwenye gari, akasema, "Kipeleke kwa nguruwe." Sisi watu wa huku hatulalamiki. Ukiumia unasema si kitu, ukifa watu wanasema hawakujua kama unaumwa. Nimelichukia jambo hilo. Zamani sikulichukia.

Baadaye magoti yakafa. Sakafu ya jikoni ya ukumbi ni ya saruji, na yeye alikuwa amesimama juu yake maisha yake yote. Alipanda ngazi kwa mikono. Akawa anameza vidonge vya maumivu kama peremende. Tukaenda kwa daktari wa mifupa, kijana mwenye mikono misafi sana. Akatazama picha.

"Mfupa unasaga mfupa, mama. Unahitaji goti la bandia."

"Haya, niwekee."

"Kwa uzito huu siwezi. Punguza kwanza."

"Nitapunguzaje, na kutembea kwenyewe siwezi?"

"Hilo siyo la idara yangu."

Nusura nimshike shati. Botilla akanivuta mkono, akamwambia asante.

Watu wanadhani mtu mnene hajawahi kujaribu. Mke wangu alikula kabichi mpaka nyumba ikanuka. Alikunywa unga wa makopo. Alikwenda kwenye chama cha kupima uzito, wanasimama mstari, mmoja mmoja juu ya mizani, na mwalimu anasoma kwa sauti. Uzito uliondoka, ukarudi na wenzake. Hatimaye daktari wetu wa kawaida akasema upasuaji wa kupunguza uzito upo, akatuandikia kwenda mjini.

Alifanya kosa la kumwambia dada yake Gyde. Kumwambia Gyde ni kuiambia parokia nzima.

Basi watu waliokuwa wakimcheka kwa unene wakaanza kumcheka kwa kutaka kuuondoa. Dukani, mbele ya mizani ya mboga, mwanamke mmoja akamwambia, "Wengine tunajinyima, wengine wanakatwa." Mke wangu alikuwa amenunua karoti na figili. Mwanamke yule kikapu chake kilijaa soseji.

Halafu kila mtu akageuka daktari. Kumbe upasuaji ule una aina tatu, na kila mtu alikuwa na yake. Kuna mkanda: tumbo linafungwa juu kama mdomo wa gunia. Kuna mrija: wanakata sehemu kubwa ya tumbo wanaitupa, linabaki jembamba kama mrija. Na kuna kuunganisha: wanatengeneza kijifuko kidogo huko juu, wanauvuta utumbo wanaushonea hapo, chakula kinaliruka tumbo lenyewe.

Mkanda ulikufa mara moja, kwa sababu Frede, fundi bomba, aliwekewa zamani ukateleza. Alikuwa akitapika kwenye ndoo ya kazi. Frede mwenyewe alikuja mpaka mlangoni kwetu kusema.

"Mama Botilla, chochote, lakini siyo mkanda. Mimi niliutoa. Heri kitambi."

Huyo namshukuru. Alisema yaliyompata yeye, akaenda zake.

Gyde alitaka mrija. Alikuja na baiskeli, akakaa jikoni kwangu, akala mkate wangu.

"Mrija, mdogo wangu. Na mrija utaweza kuonja keki. Ukiunganishwa, sukari inakuangusha. Moyo mbio, jasho, unalala chini. Nimesoma."

"Labda ndivyo nitaacha keki," akasema Botilla.

"Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Na sherehe ya miaka yangu sabini? Nani ataoka?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Dada alikuwa anachagua tumbo la mdogo wake kwa ajili ya meza yake ya kahawa.

Tukaenda mjini. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke wa makamo, anaitwa Lindegaard, hana haraka. Alichukua karatasi akachora tumbo, akachora mrija, akachora na kule kuunganisha. Alichora vibaya. Tulielewa.

"Unapata kiungulia?" akauliza.

"Kidogo," Botilla akasema.

"Kidogo!" nikasema mimi. "Daktari, huyu hajalala kitandani tangu tuliponunua trekta la mwisho. Analala ameketi kwenye kiti cha sebuleni. Akilala chali, tindikali inampanda mpaka kooni."

"Nis!" akaninong'oneza, uso mwekundu, kama nimemvua nguo.

Daktari akaweka kalamu chini.

"Hilo ndilo nililotaka kusikia. Mrija unaweza kuzidisha kiungulia, mama. Kwa wengine unakizidisha sana. Kuunganisha mara nyingi kunakituliza. Lakini nako kuna mambo yake. Vitamini kila siku mpaka unakufa. Damu kupimwa. Vile vidonge vyako vya magoti basi, vitakutoboa vidonda pale tuliposhona. Na sukari itakuadhibu."

"Nimesikia habari ya sukari," Botilla akasema. "Ina wapiga debe wengi."

Daktari akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka.

"Kuna lingine. Ukishakonda, ndani kunabaki nafasi. Hata baada ya miaka, utumbo unaweza kupenya hapo ukajisokota. Si wengi wanaopatwa. Lakini ukishikwa na maumivu makali ya ghafla tumboni, usingoje kesho. Usinywe chai ukasikilizia. Piga simu."

"Hata Jumapili?"

"Hata mkesha wa Krismasi. Na hapo usiseme kidogo. Unanielewa? Sema unavyoumia."

"Nimeelewa."

"Sasa, mimi nimesema yangu. Tumbo ni lako. Nenda ukafikiri."

Tukarudi nyumbani. Alimenya viazi vya jioni, akamenya vingi kuliko tunavyoweza kula watu wawili. Nikamwachia. Halafu akasema, bila kuinua kichwa:

"Nis, nataka kulala chali."

"Eh?"

"Kitandani. Karibu na wewe. Keki nimeshaonja za kutosha. Naunganishwa."

Kwa miaka yote ile ukumbi ulimwambia apike nini, dada yake alimwambia avae nini. Kile kilikuwa kitu chake. Alikichagua akijua mazuri yake na mabaya yake, na kisu cha viazi mkononi. Naliandika hili waziwazi, kwa sababu ndilo wanalotaka kuninyang'anya.

Gyde alipoambiwa alipiga meza.

"Umechagua ile mbaya!"

"Nimechagua iliyo yangu, dada."

"Huyu Nis ndiye kakushawishi?"

"Nis anashawishi nguruwe tu, nao hawamsikii."

Walimpasua majira ya kuchipua. Usiku wa kwanza aliorudi nyumbani alilala chali kando yangu, mikono kifuani kama mtoto aliyeambiwa alale. Nilikaa macho nikisubiri akohoe. Hakukohoa. Asubuhi aliniuliza mbona macho yangu mekundu. Nikasema vumbi.

Alikonda. Kijana wa mifupa akamwekea goti, halafu la pili, na safari hii yeye ndiye aliyesema asante. Botilla akatupa fimbo aliyokuwa akitembelea. Alirudi ukumbini, akawa anaonja kwa ncha ya kijiko na kutema kwenye sinki, na supu ikawa nzuri kuliko zamani. Mara moja, mwanzoni, alisahau akameza kipande cha keki. Akalala sakafuni jikoni, jasho linamtoka, moyo unapiga ngoma, mpaka ikapita. Akajua hivyo ndivyo sukari inavyoadhibu. Hakurudia.

Na watu? Watu walisema uso umezeeka. "Ulipendeza ulipokuwa umenona, Botilla." Jes alisema sasa upepo wa magharibi utambeba. Watu wale wale. Ukiwa mzito wanakuchomelea kiti cha chuma, ukiwa mwepesi wanakuonea huruma. Ningependa kuwauliza ni kilo ngapi hasa zingewaridhisha. Lakini wangenijibu.

Ikaja miaka sabini ya Gyde.

Meza ya kahawa ya kwetu si ya kukaa na kuondoka. Kwanza mkate mtamu na siagi. Halafu keki laini, aina saba. Halafu vikavu, aina saba, biskuti na vinavyofanana nazo. Sahani zinazunguka kwa zamu, na unachukua katika kila moja, maana mwenye nyumba anatazama. Ukiruka keki yake, umeiambia meza yote kwamba hajui kuoka. Na hainuki mtu mpaka kikavu cha mwisho kimezunguka. Nimeona wajawazito wakijikaza. Nimeona mzee akijikojolea, jirani zake wakaendelea kuzungumza habari za mvua.

Botilla alioka karibu nusu ya keki zile. Dada alimwomba, akakubali. Ilikuwa sherehe ya wanawake, mchana. Mimi nilimpeleka nikarudi kwa nguruwe. Yaliyotokea mezani nimeyajua kwa Maren, binti ya Gyde, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naye mwili kaurithi wa mama yake mdogo. Alikuwa amekaa mbele ya Botilla.

Anasema Botilla alikuwa anachukua chembe katika kila sahani, anaificha chini ya kitambaa. Ilipofika keki ya mkate mweusi na krimu, Gyde akaita toka upande wa pili:

"Hiyo ya mama yetu, mdogo wangu! Hiyo hutaificha!"

Kila mtu akamtazama. Basi akala. Kidogo, anasema Maren. Kijiko kimoja.

Sahani mbili baadaye aliweka kijiko chini. Akawa mweupe. Akashika ukingo wa meza.

"Hiyo ndiyo sukari!" Gyde akasema. "Si nilikwambia uchague mrija?"

Wakacheka. Siyo kwa ubaya, Maren anasema. Mimi nasema kwa ubaya.

Maren akainama mezani. "Mama mdogo, tupige simu?"

"Hapana," Botilla akamwambia. "Siyo sukari. Lakini ngoja. Bendera ya siku ya kuzaliwa ya mama yako iko mlingotini. Tusilete gari la wagonjwa uani siku yake."

Siyo sukari. Alijua. Alijua, akakaa. Keki laini zilizobaki zikazunguka, na vikavu vyote vikazunguka, na kila sahani ilipomfikia alichukua. Alipoinuka, aliinuka pamoja na wengine, akamwambia dada yake asante kwa meza nzuri. Halafu akaenda chumba cha makoti, akalala juu ya makoti ya watu.

Nilikuja kumchukua jioni. Nikamkuta huko, magoti yale mapya ameyakunja mpaka kifuani, midomo rangi ya jivu.

"Nis," akasema, "kuna kitu kimejisokota."

Nikapiga simu pale pale. Nilikuwa bado na simu sikioni, Gyde akatokea mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo.

"Waambie wasipige king'ora basi, shemeji. Wageni bado wapo."

Nilimpa mgongo. Ningefungua mdomo, na mkono ungefuata.

Hospitalini wakamfungua usiku ule. Utumbo ulikuwa umeshakufa, karibu wote. Daktari wa zamu, siyo Lindegaard, mwingine, alitoka akasema, "Kama angefika mchana..." Akakatisha. Nikamwambia amalizie. Botilla hakuamka tena. Alikufa kesho yake, amelala chali.

Baada ya maziko watu walikunywa kahawa ukumbini, na hakukuwa na mpishi, basi waliagiza keki za dukani. Nilikaa mezani nikawasikia. Jes alisema mwili ule haukuumbwa kukatwa. Mwanamke wa soseji alisema njia za mkato zina gharama zake. Na meza nzima ikakubaliana na Gyde, wanatikisa vichwa, wanachovya biskuti: angechagua mrija, angekuwa hai. Nililiacha liwapite midomoni. Nilikuwa sina nguvu ya kusimama.

Sasa nguvu ninayo.

Majuzi Gyde alikuja. Hakupanda baiskeli, aliletwa na gari. Akakaa, akavua glavu.

"Shemeji, Maren naye anataka. Upasuaji. Ameandikiwa kwenda kwa daktari yule yule."

"Vizuri."

"Siyo vizuri! Atachagua ile ya Botilla, namjua. Wewe atakusikiliza. Mwambie ilimuua mama yake mdogo. Sema hivyo tu."

"Haikumuua."

"Kilimuua nini basi?"

"Adabu," nikasema. "Alikaa kwenye meza yako saa nzima utumbo unakufa, kwa kuwa hainuki mtu mezani kwako. Aliambiwa na daktari apige simu hata mkesha wa Krismasi. Hakuambiwa habari ya miaka yako sabini."

Gyde akazishika glavu zake.

"Mimi ningejuaje? Hakusema!"

"Alimwambia Maren siyo sukari. Wewe ulikuwa unacheka, hukusikia. Na nilipopiga simu uliniomba wasipige king'ora."

Alilia. Nilimwacha alie. Wengine wangemshika bega, na labda ni vizuri kumshika mtu bega. Mimi nilitazama dirishani.

"Wewe ni mtu mgumu, Nis," akasema mwisho.

"Ndiyo."

"Alikuwa mdogo wangu."

"Basi ungemtazama yeye, siyo sahani."

Akaondoka. Siku chache baadaye Maren alikuja mwenyewe, kwa miguu, ametota mvua. Nikampa taulo. Hakutaka kahawa.

"Baba mdogo, mama anasema umekataa kunishauri."

"Nimekataa."

"Niambie tu kitu kimoja. Mama mdogo alijuta?"

Nikamfikiria Botilla na zile asubuhi zetu. "Hakujuta. Alisikitika kuhusu krimu. Alisema ndoto zake zina krimu."

Maren akacheka, halafu akalia, halafu akapenga pua kwa taulo langu. Akaniambia yeye hana kiungulia kabisa, na vidonge vya kila siku anajijua, atasahau. Amekaa na daktari mara mbili, amemchorea.

"Bado anachora vibaya?"

"Vibaya sana. Nimechagua mrija, baba mdogo. Unakasirika?"

"Kwa nini nikasirike? Tumbo la nani?"

"Langu."

"Basi. Lakini ukiumwa, sema. Popote. Sema kwa sauti ya kuwaudhi watu."

Atapasuliwa baada ya Pasaka. Nitampeleka mimi, ameniomba.

Na Gyde sasa anatangaza kijijini kwamba Nis kakubali mwisho, kwamba mimi ndiye niliyemgeuza Maren, kwamba hata mume wa Botilla anajua Botilla alikosea. Jana nilisikia dukani, pale pale kwenye mizani ya mboga. Mwanamke wa soseji alikuwa akimweleza muuzaji. Niliweka kikapu chini, nikasema, duka zima likasikia: Maren kachagua lake mwenyewe. Botilla alichagua lake mwenyewe, na alilichagua sawasawa. Mlimuua nyinyi na sahani zenu.

Wakatazama viatu. Muuzaji akaniuliza kama nataka mfuko.

Nikasema nautaka.